Gari linakula tairi upande? Kabla ya kununua jipya, uliza kemba na kasta

Wateja wengi wanaotujia wakilalamika kwamba gari linakula tairi wameshapiga alaimenti (kupanga pembe za magurudumu) mahali, wamelipa na wameambiwa kila kitu kiko sawa. Usukani kweli umenyooka. Lakini ukiinama ukatazama upande wa ndani wa tairi la kushoto, limeshakuwa kipara. Mara nyingi kilichorekebishwa ni tou tu, yaani namna matairi ya mbele yanavyoelekea ukiyatazama kutoka juu. Hiyo ni kazi nyepesi: legeza nati za tairodi, yaani vyuma vinavyounganisha usukani na magurudumu, zungusha, kaza. Kemba na kasta, pembe nyingine mbili za gurudumu, zina kazi zaidi, ndiyo maana zinarukwa.

Kemba unaweza kuielewa kwa macho. Chuchumaa mbele ya gari, usawa wa bampa. Kichwa cha tairi kikiinamia ndani, kemba ni hasi. Kikiinamia nje, ni chanya. Hasi ikizidi, tairi linaliwa ndani. Chanya ikizidi, linaliwa nje. Ila magari mengi ya kawaida hutakiwa kuwa na kemba isiyofika hata digrii moja, kwa hiyo jicho halitoshi kuamua.

Kasta haionekani kirahisi. Ni mlalo wa mhimili ambao gurudumu hugeukia unapokata kona, ukitazamwa kutoka ubavuni. Kwa kawaida juu kumelala kidogo kurudi nyuma, kama uma wa mbele wa baiskeli. Mlalo huo ndio unaorudisha usukani katikati baada ya kona na kulifanya gari litulie ukiwa mwendo wa 100. Kasta yenyewe haili sana tairi. Shida yake ni gari kuvuta: linakimbilia upande wenye kasta ndogo. Kwa kemba, linakimbilia upande ulioegemea chanya zaidi. Tofauti ya nusu digrii tu kati ya kushoto na kulia inatosha kukuchosha mikono safari ya Dar hadi Morogoro.

Si kila kuvuta ni alaimenti, lakini. Barabara zetu zimeinuliwa katikati ili maji ya mvua yateremke pembeni, na sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo hata gari lisilo na hitilafu yoyote linaweza kuelekea kushoto kidogo. Tairi lenyewe pia linaweza kuvuta. Ndiyo maana kwanza tunasawazisha upepo, kisha tunabadilishana matairi mawili ya mbele. Gari likihamia kuvuta upande wa pili, tatizo ni tairi, na hatuna sababu ya kukutoza alaimenti.

Hapa sasa ndipo tunapobishana na baadhi ya wateja. Toyota IST, kwa mfano, kiwandani haikuwekewa sehemu ya kurekebishia kasta. Vipimo vikionyesha kushoto na kulia vimepishana kwa digrii nzima, kuna kitu kimepinda au kimekufa: lowa amu (mkono wa chini unaoshika gurudumu) iliyopigwa na shimo, bushi (mpira wa kwenye maungio) iliyopasuka, au sabufremu (fremu ndogo ya chini inayobeba lowa amu) iliyosogea. Ukiambiwa kasta ya IST imerekebishwa na hakuna spea iliyobadilishwa wala kitu kilichosogezwa, omba karatasi ya vipimo. Kemba yake inaweza kusogezwa kidogo kwa bolti maalumu zinazofungwa pale shokapu inaposhika gurudumu. Tunazo, lakini hatuzifungi mpaka tuhakikishe shokapu haijapinda. Bolti hizo zinaweza kuleta namba nzuri kwenye skrini huku chuma kilichopinda kikibaki chini ya gari lako, na hilo hatulikubali.

Hilux na Prado zina habari nyingine. Kila lowa amu ina bolti mbili zenye kishikizo cha duara ambacho tundu lake haliko katikati, hivyo ukizizungusha lowa amu inasogea. Ukizungusha ya mbele, kemba na kasta zinasogea pamoja. Ukigusa ya nyuma, vivyo hivyo. Fundi anacheza na zote mbili, huku anatazama vipimo, mpaka namba zikubaliane. Shida kubwa kwetu huku pwani ni kutu. Nati inafunguka vizuri, lakini bolti yenyewe imeganda ndani ya bomba la chuma la bushi; ukiilazimisha inazunguka na bushi zima na kulichana. Tunapulizia dawa ya kutu na kuiacha inywe. Ikigoma kabisa, inakatwa, na hapo bolti na bushi vinanunuliwa upya. Hatukati kabla ya kukupigia simu.

Waliopandisha Hilux au Land Cruiser kwa ajili ya njia mbaya wajue kwamba kuinua springi kunapunguza kasta. Usukani ukiwa mwepesi kupita kiasi na hautaki kurudi wenyewe baada ya kona, anzia hapo.

Mpangilio wa kazi nao una maana. Bushi, boli jointi (maungio ya duara yanayoruhusu gurudumu kugeuka) na tairodi hukaguliwa kwanza, kisha magurudumu ya nyuma, kasta, kemba, na tou mwisho kabisa, kwa sababu ukigusa kemba au kasta, tou nayo inahama. Unaondoka na karatasi yenye vipimo vya kabla na baada.

Tunakuomba jambo moja: usitupe matairi yaliyoliwa kabla ya kuja. Tunapitisha kiganja juu ya kashata zake, yaani yale meno ya mpira yanayogusa barabara. Zikiwa laini ukienda upande mmoja na zikikwaruza ukirudi, tunaanza na tou. Zikiwa laini kotekote lakini ukingo mmoja umeisha, tunaanza na kemba.