Mwanangu, mchana unakula nini?

Lindi, Jumapili jioni

Mwanangu,

Baada ya salamu, sisi huku wazima, alhamdulillahi, bibi yako anasumbuliwa na goti tu. Ndoo hii nimempa kondakta wa basi la asubuhi la Mtwara. Nimeifunga kwa mpira, usiifungulie stendi. Ndani kuna mbaazi kilo tatu, dagaa nusu kilo, korosho vipande na unga wa muhogo kutoka Newala kwa shangazi yako. Kila kimoja nitakueleza. Lakini kwanza unijibu: mchana unakula nini?

Dada yako kaniambia mlivyopimwa presha kazini. 152 kwa 96, na wewe ukakunja karatasi ukaitia kwenye pochi kama risiti ya duka. Najua kipimo kimoja hakimfanyi mtu mgonjwa. Presha inathibitishwa kwa vipimo vya siku mbili tofauti, vyote vikisoma 140 kwa 90 au zaidi. Kwa hiyo rudi ukapime, na usiende unahema. Nusu saa kabla usinywe kahawa wala usivute sigara, kojoa kwanza, kisha kaa dakika tano umeegemea, miguu chini, mkono mtupu juu ya meza usawa wa moyo. Wakikufunga mkanda juu ya shati, vua. Mashine ikijaza upepo usipige soga. Ikirudia kupanda, fuata ya daktari. Dawa ukiandikiwa ni za kila siku, usije ukaniambia umepona kwa kitunguu saumu.

Mimi cha kwangu ni chakula, na chakula chako nakijua hata nikiwa mbali. Chai saa moja na maandazi matatu, halafu kimya mpaka saa mbili usiku, halafu zege, yaani chipsi mayai. Katikati umeziba tumbo kwa soda. Soda ya mililita 350 ina sukari ya vijiko vidogo karibu tisa. Ongeza vitatu vya chai yako, umefika kumi na mbili, na hapo ndipo penye ukomo wa siku nzima kwa Shirika la Afya Duniani, tena wao wangependa iwe nusu yake. Na bado hujala kitu.

Zege lenyewe ulielewe. Kiazi cha kibandani kinakaangwa mara mbili: asubuhi kinaivishwa nusu kinamwagwa kwenye beseni, mteja akija kinarudishwa karaini. Mafuta yasipokuwa ya moto sawasawa, kiazi kinayanywa. Yakitumika siku ya tatu yanakuwa meusi, yanafanya povu lisilotulia, yanatoa moshi mapema, na yakipoa yananata vidoleni. Mwenye kibanda hayamwagi, anaongeza mapya juu ya ya zamani, maana ndoo ya lita 20 ni hela. Usiniulize nimeyajuaje. Ukiona karai jeusi, pita. Pakiwa safi, kula mara moja kwa wiki, kachumbari iwe nyingi kuliko viazi, na chumvi mwambie asinyunyize.

Ukila kwa mama ntilie, hapo nisikilize vizuri. Fika saa sita na nusu, usifike saa tisa. Mchuzi wa saa sita na mchuzi wa saa tisa si kitu kimoja hata kama sufuria ni ileile. Moto ukikaa chini maji yanakauka, chumvi inabaki. Anaongeza maji, ladha inapungua, anatia kipande kingine cha kiungo cha supu, na karibu nusu ya kile kipande ni chumvi. Anayechelewa ndiye anayekula chumvi ya wote. Chumvi ya mtu mzima kwa siku isizidi gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na humo imo ya mkate, ya maandazi, ya samaki wa ng'onda, ya kila kitu.

Kwa hiyo omba mchuzi pembeni, kwenye kibakuli. Ukimwagiwa juu ya wali unaula wote, ukiwa pembeni unachovya na nusu unaiacha. Mwambie apunguze wali, aongeze majani. Ukiomba kwa adabu majani utaongezewa bure, nyama hakuongezei mtu. Wali au ugali uwe kiasi cha ngumi yako, samaki au maharage kiganja, mboga na matunda nusu ya sahani. Mtu anatakiwa ale mboga na matunda gramu 400 kwa siku. Kile kijiko cha mchicha kinachowekwa pembezoni kama pambo hakifiki hata gramu 50.

Kibakuli cha chumvi pale mezani kwetu hukukiweka wewe, najua. Na kuchelewa kula usiku hukujifunza Mtwara. Tukishafunga biashara ndipo mlikuwa mnakula, wali wa kukwangua na mchuzi wa chini. Tuyaache hayo. Siku hizi mimi nakula saa kumi na mbili na nusu.

Haya, ndoo.

Mbaazi. Usipike kilo nzima, uko peke yako. Chukua nusu kilo, chambua, loweka usiku kwa maji mara tatu yake. Asubuhi maji hayo mwaga, tia mengine. Kwenye sufuria ya kawaida ni kama saa moja, kwenye presha kuka dakika 15 hadi 20 (hiyo ndiyo presha ninayoitaka nyumbani kwako). Ukiruka kuloweka, mtungi wako wa kilo 6 utaisha katikati ya mwezi halafu utasema mbaazi ni ghali. Chumvi tia mwishoni, robo kijiko kwa sufuria yote, ladha itoke kwenye kitunguu, nyanya, tangawizi na ndimu.

Nazi usitie. Nasema tena, siku ya kupika nazi usitie. Chakula kikishaingia tui hakilali, kwa joto la Mtwara asubuhi unafungua unakuta povu na harufu ya uchachu. Pika mbaazi tupu, gawa sahani nne kwenye vyombo vyenye mifuniko, mbili weka kwenye friji ule ndani ya siku tatu, mbili gandisha. Asubuhi pasha ya siku hiyo mpaka itokote, ndipo utie tui, na liwe tui jepesi. La kwanza lile zito liache la Ijumaa, mafuta yake ni mazito na moyo hauyahitaji kila siku.

Kubeba: hotipoti ijaze kwanza maji yanayochemka, funika dakika tano, mwaga, ndipo utie chakula kinachofuka. Ukitia chakula cha moto kwenye hotipoti baridi unapasha hotipoti, chakula kinapoa. Ukifungua mchana ukakuta vuguvugu tu, acha, ndilo joto wanalolipenda vijidudu. Wali ndio mbaya zaidi. Ukilala nje usiku kwenye sufuria unaota sumu isiyoondoka hata ukipashwa tena. Utandaze kwenye sinia upoe upesi, kisha friji.

Unga wa muhogo. Huu ni chinyanya, wa kutwanga mbichi na kuanika, na sijui shangazi yako alitumia muhogo gani, kwa hiyo usiusonge hivihivi. Tia kwenye bakuli, chora alama kwa nje usawa wa unga. Mimina maji taratibu unakoroga: unga utashuka kwanza, kisha utapanda, ukirudi kwenye alama simama. Utandaze kwenye sinia, unene usizidi sentimita moja, juani kwa muda wa saa mbili au kivulini kwa muda wa saa tano. Hapo ile sumu ya muhogo mchungu inatoka kama hewa, huioni. Kisha songa siku hiyohiyo. Na usiule na chai wala mlenda mtupu. Muhogo hauna protini ya maana, na mwili unahitaji protini kuitoa sumu iliyobaki. Mikoa yetu imeona watu wakipooza miguu kwa konzo miaka ya njaa, sababu ni muhogo wa haraka na kitoweo hakuna.

Ndiyo maana nimetia dagaa. Toa vichwa kama vina mchanga, suuza mara tatu kwa maji ya moto, kaanga kwa kijiko kimoja cha mafuta. Hawa hawana chumvi, lakini ukinunua ng'onda uloweke kutwa na ubadilishe maji. Samaki wabichi chukua vibua, mara mbili kwa wiki vinatosha, na nunua mzima. Ukimpasua ukakuta mfupa wa mgongo umevunjika na damu imevilia ndani, huyo kavuliwa kwa baruti, usirudi kwa muuzaji yule. Miamba ikiisha tutakula nini.

Korosho ni za mfukoni, kiganja kimoja kwa siku, hazina chumvi. Yenye ukungu au uchungu tema.

Naambiwa umefanywa msimamizi wa zamu. Nimefurahi, mpaka anayetudai bati nimemwambia. Lakini msimamizi asiyepata dakika 20 za kukaa akala anasimamia nini? Na mwezi wa kumi korosho zikianza kushuka bandarini utaingia usiku. Kula mlo wako mkubwa saa kumi na mbili jioni kabla hujaenda. Saa nane za usiku kula kidogo, ndizi na korosho, au mbaazi kikombe. Vile vinywaji vya makopo vya kuongeza nguvu achana navyo, ni kafeini, ile ya kwenye kahawa, na sukari, na mtu wa 152 havimfai. Maji beba chupa ya lita moja na nusu uimalize. Ukirudi asubuhi kula kidogo ulale, usilale na tumbo la zege.

Utasema huna muda. Jumapili una muda, nimekuona picha za ufukweni.

Jikoni panavuja kona ya mashariki, fundi anasema bati mbili, mimi naona tatu. Mdogo wako anataka viatu vya shule, vya zamani vimechanika hata gundi inakataa. Mnazi wa uani umeanza kuzaa, ndiyo nazi hizo mbili chini ya unga, moja ya Ijumaa.

Na ndoo irudi na mfuniko wake. Ile ya Ramadhani ilirudi wazi, unga wa watu ukaingia fukusi. Ndani yake tia karatasi uniandikie: Jumatatu mchana nimekula hiki, Jumanne hiki, mpaka Ijumaa, na kipimo cha pili kilisoma ngapi. Ukiandika uongo nitajua, dada yako nitampigia.

Mama yako