Msitupe namba tupu za watafiti wa afya

Mhariri,

Magazeti yanapomtambulisha mtafiti wa tiba au wa uchumi wa afya, yamezoea kuweka sentensi ya aina hii: amechapisha makala 210, kazi zake zimerejelewa (yaani zimetajwa katika kazi nyingine za kitaaluma) mara 15,000, na faharasa yake ya h ni 48. Msomaji anauona ukubwa tu. Haambiwi namba hizo zimetoka wapi, zilichukuliwa lini, wala ni kazi zipi zilizozizaa. Watu hawa ndio wanaoshauri dawa ipi ilipiwe na bima na chanjo ipi ipewe nani kwanza, kwa hiyo namna ya kuwapima ni haki ya kila msomaji kuijua.

Tuanzie kwenye chanzo, maana makosa mengi huanzia hapo. Hifadhidata za makala na marejeleo zinazotumika zaidi ni tatu: Web of Science, ambayo mizizi yake ni faharasa ya marejeleo iliyoasisiwa na Eugene Garfield mwaka 1964, kisha Scopus na Google Scholar, zote za mwaka 2004. Mbili za kwanza huchagua majarida ya kuingiza. Google Scholar huzoa kila kinachofanana na maandishi ya kitaaluma: tasnifu, vitabu, ripoti na rasimu. Ndiyo maana mtu mmoja, siku hiyo hiyo, huwa na faharasa za h (kipimo tutakachokieleza hapa chini) tatu tofauti, na ya Google Scholar karibu kila mara ndiyo kubwa. Kwa wachumi wa afya pengo huwa pana zaidi, kwa sababu wachumi husambaza rasimu zao kwa miaka kadhaa, kwa mfano katika mfululizo wa NBER, taasisi ya utafiti wa uchumi ya Marekani, kabla jarida halijazikubali. Marejeleo ya rasimu huhesabiwa upande mmoja na kukosekana upande mwingine. Namba isiyotaja chanzo na tarehe haina maana, na haifai kuchapishwa.

Faharasa ya h yenyewe ilipendekezwa mwaka 2005 na mwanafizikia Jorge Hirsch. Panga makala za mtu kuanzia iliyorejelewa zaidi, kisha shuka ukihesabu. Nafasi ya makala ya mwisho ambayo marejeleo yake hayapungui namba ya nafasi hiyo ndiyo h. Tuseme mtafiti ana makala sita zilizorejelewa mara 900, 40, 12, 6, 5 na 3. Ya tano ina marejeleo 5, ya sita ina 3 tu, basi h yake ni 5. Mwenzake ana 9, 8, 7, 6, 5 na 5, naye h yake ni 5. Jumla ya wa kwanza ni 966, ya wa pili ni 40. Wastani hauokoi kitu: kwa wa kwanza ni 161 kwa kila makala, ilhali makala tano kati ya sita hazikufika hata 50. Tena h hupanda kwa umri. Mtu akistaafu leo, makala zake za zamani zitaendelea kumwongezea. Kumlinganisha mwenye miaka 8 kazini na mwenye miaka 30 kwa kipimo hiki ni kumwonea wa kwanza.

Sasa tuje kwenye jambo linalowapotosha hata wanataaluma, yaani nafasi ya jina. Katika tiba, mwandishi wa kwanza kwa kawaida ndiye aliyefanya sehemu kubwa ya kazi, na wa mwisho ndiye kiongozi wa kundi. Katika uchumi, majina mara nyingi hupangwa kwa alfabeti, na kuwa wa kwanza kunaweza kumaanisha tu kwamba jina la ukoo linaanza na A. Mtafiti wa uchumi wa afya huchapisha pande zote mbili, kwa hiyo nafasi yake haisomeki mpaka uangalie jarida ni la upande gani. Ukikuta majina yote yamefuata alfabeti, usihitimishe chochote kutokana na mpangilio. Soma aya ya michango ya waandishi mwishoni mwa makala. Majarida mengi sasa hutumia orodha ya CRediT yenye majukumu 14, na humo utaona nani alibuni mbinu, nani alichambua data, nani alitafuta fedha.

Suala hili la nafasi linagusa pia ile orodha ambayo magazeti huiandika kama tuzo: "Chuo Kikuu cha Stanford kimemtaja miongoni mwa asilimia 2 ya wanasayansi bora duniani." Si tuzo ya chuo. Ni jedwali lililotengenezwa na John Ioannidis, mtafiti wa chuo hicho, na wenzake kwa data za Scopus, likaelezwa katika jarida la PLOS Biology mwaka 2019. Alama zake huunganisha vipimo sita, na baadhi hutazama makala ambazo mtu ni mwandishi pekee, wa kwanza au wa mwisho. Mchumi anayefuata alfabeti na jina lake likaangukia katikati hupoteza alama bila kosa lolote. Vilevile kuna majedwali mawili: moja la maisha yote ya kazi, jingine la marejeleo yaliyopatikana ndani ya mwaka mmoja. Kuwemo katika la pili hakumaanishi kuwemo katika la kwanza. Mwandishi wa habari aulize ni lipi.

Kisha kuna makala za waandishi wengi. Makala za mradi wa kupima mzigo wa magonjwa duniani, zinazochapishwa katika The Lancet, huwa na mamia ya waandishi na hurejelewa maelfu ya mara. Kazi yenyewe ni muhimu na ushirikiano huo ni wa kweli, lakini mtu aliyechangia data za nchi moja hupata marejeleo yote sawasawa na aliyeongoza uchambuzi. Makala tano za aina hiyo zinaweza kubeba sehemu kubwa ya jumla ya mtu. Dawa yake ni rahisi: panga orodha kwa marejeleo, ziweke kando makala zenye waandishi zaidi ya 50, hesabu upya. Kinachobaki ndicho kinachoonyesha mkono wa mtu mwenyewe.

Uchumi wa afya una mitego yake pia. Jaribio la kitabibu la dawa mpya hutoka katika jarida kubwa la tiba na kurejelewa sana, ilhali uchambuzi wa gharama na manufaa wa jaribio hilo hilo hutoka baadaye katika jarida dogo la fani na kurejelewa kidogo. Lakini ni huo uchambuzi ambao taasisi kama NICE ya Uingereza, inayotathmini dawa na tiba na iliyoanzishwa mwaka 1999, huutazama inapoamua dawa ilipiwe au isilipiwe. Ripoti ya taasisi ya namna hiyo ikirejelea makala, Scopus kwa kawaida haiihesabu. Hifadhidata ya Overton hukusanya marejeleo yaliyo katika nyaraka za sera, na kwa mchumi wa afya hayo yanaweza kuwa ushahidi mzito kuliko faharasa ya h.

Upande wa pili, kuna makala zinazorejelewa kwa sababu majarida yanataka zirejelewe. Mwongozo wa CHEERS wa kuripoti tathmini za kiuchumi, wa mwaka 2013 na toleo jipya la 2022 lenye vipengele 28, ulichapishwa kwa wakati mmoja katika majarida kadhaa. Waandishi wake wana makala ile ile mara nyingi katika orodha, na marejeleo yake yametawanyika. Hatusemi wanadanganya. Anayehesabu ndiye anapaswa kulijua hilo, asije akaiita kazi moja kazi kumi.

Na si kila rejeleo ni sifa. Makala ya Andrew Wakefield ya mwaka 1998 katika The Lancet, iliyohusisha watoto 12 na kuzua hofu ya chanjo ya surua, ilibatilishwa mwaka 2010, na imeendelea kurejelewa, mara nyingi na wanaoikanusha. Kabla ya kumsifu mtu, angalia makala zake zinazoongoza kama zina tangazo la kubatilishwa au kusahihishwa. Hifadhidata ya Retraction Watch, inayoorodhesha makala zilizobatilishwa, iko wazi kwa yeyote.

Mwandishi wa habari mwenye nusu saa anaweza kuyafanya haya. Amwombe mtafiti namba yake ya ORCID, yaani kitambulisho cha mtafiti mtandaoni chenye tarakimu 16, lakini akumbuke kwamba mwenye ukurasa anaweza kujijazia orodha mwenyewe. Afungue Google Scholar, apange makala kwa mwaka na kuangalia zile za zamani kabisa. Makala iliyotoka wakati mtu huyo alikuwa shule ya msingi, au inayohusu vyuma vya madaraja, ni ya mtu mwenye jina kama lake. Katika Scopus kosa huwa la kinyume: mtu mmoja hugawanywa kurasa mbili baada ya kuhama chuo. Huko huko Scopus achuje aina ya maandishi, maana tahariri na barua hujaza haraka hesabu ya "makala 210". Aondoe marejeleo ya mtu kwa kazi zake mwenyewe aone h inashuka kiasi gani. Ikishuka kidogo ni kawaida, kwani anayefuatilia kundi moja la wagonjwa kwa miaka 15 lazima ataje kazi zake za awali. Ikianguka karibu nusu, aulize.

Kama ni lazima kulinganisha watu wa fani mbili, atumie kipimo kilichosawazishwa. FWCI ya Scopus hulinganisha makala na nyingine za fani, mwaka na aina ile ile: 1.00 ni kiwango kinachotarajiwa, 1.50 ni asilimia 50 juu yake. Hata hiyo huyumba makala zikiwa chache, kwani moja tu iliyorejelewa mno huinyanyua yote. Asitumie kabisa kipimo cha athari cha jarida kumpimia mtu. Kipimo hicho huchukua marejeleo ya mwaka mmoja kwa makala za miaka miwili iliyotangulia, muda mfupi mno kwa uchumi, na ni cha jarida zima. Azimio la San Francisco kuhusu tathmini ya utafiti, DORA, la mwaka 2013 lilikataa matumizi hayo waziwazi.

Sentensi tunayoiomba si ndefu sana: "Kwa mujibu wa Scopus, mwezi na mwaka fulani, ana makala 64 za utafiti. Iliyorejelewa zaidi kati ya alizoongoza ni tathmini ya gharama za matibabu ya kifua kikuu, na imetumika katika mwongozo wa kitaifa wa tiba."

Ni sisi wasomaji wenu,
Watafiti wa uchumi wa afya na wakutubi wa sayansi ya tiba