Tochi inataka majina ya nini?

Mhariri,

Juzi nimekaa jetini hapa Lamu nangoja boti ya Mokowe, nikafungua programu ya tochi, tochi tu jamani, ikaniomba ruhusa ya kuona majina ya watu wangu na mahali nilipo, sasa tochi itampigia nani? Nikaingia setingi nikakuta hata gemu la mtoto linajua nilipo saa zote. Sisi tumezoea kubonyeza kubali kubali ili mambo yaende. Wengi hawajui tangu Android 10 ya 2019 unaweza kuruhusu mahali ulipo pale unapotumia programu tu, na iPhone tangu 2021 programu lazima ikuulize kabla haijakufuatilia kwenye programu za kampuni nyingine. Kompyuta ndo balaa, Windows ya nyumbani hutuma taarifa kwa Microsoft na huwezi kuzima zote, unapunguza tu. Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, sawa, lakini masharti ya hizo programu ni kurasa na kurasa za Kiingereza cha mawakili, bibi yangu kule Matondoni ataelewa nini? Tochi nimeifuta. Kumbe simu ilikuja na yake.

Msomaji wenu,
Langoni, Lamu