Kisikilizeni kile mnachokipenda: barua kwa vijana wenye usonji wa Nyanda za Juu Kusini

Wajukuu zangu mlioko Mbeya, Iringa, Njombe na kwingineko katika nyanda zetu,

Kamwene. Nawaandikia ninyi mlioambiwa na daktari kwamba mna usonji (autism), ile hali ya kuzaliwa nayo inayoufanya ubongo uyachukue mambo kwa namna yake, wakati mmekwisha kumaliza shule, wengine mkiwa tayari na kazi na watoto, na ambao tangu siku hiyo mnajiuliza mtaanzia wapi kujifahamu upya. Mimi niliambiwa mwaka 2019 nikiwa na miaka 58, miaka miwili kabla ya kustaafu ualimu, kwa hiyo katika jambo hili siwatangulii sana. Nilichowazidi ni daftari, na shauri langu lote kwenu limo humo.

Tangu mwaka 1983 naandika habari za maharage. Kila aina ninayokutana nayo sokoni, shambani kwa jirani au kwenye kibuyu cha mbegu cha bibi wa mtu, naiandikia ukurasa: rangi yake, madoa yake, umbo la kitovu chake, jina wanaloiita wenyeji na siku ilizochukua kukomaa. Mbegu niliyopewa Makete mwaka 1991 ni nyeupe kama maziwa, isipokuwa kuzunguka kitovu ina doa jekundu lililotambaa kama wino juu ya karatasi yenye unyevu. Nilihesabu mbegu 40, na katika 3 kati ya hizo doa lilikuwa limefika hadi mgongoni. (Ua la mharage kwa kawaida hujichavusha lenyewe, ndiyo maana mbegu ya namna hii huweza kutunza sura yake kizazi baada ya kizazi, na jambo hilo hunifurahisha hadi leo kuliko ninavyoweza kueleza.) Nimeyasema haya ili mnitambue. Naamini wengi wenu mnalo haragwe lenu, liwe ni ratiba za mabasi ya Tunduma, injini za pikipiki, koo za machifu au maua ya Kitulo, na naamini mmekwisha kuambiwa mara nyingi kwamba mmezidisha.

Hata madaktari wameliangalia jambo hili kwa jicho la kasoro. Daktari Leo Kanner, aliyeandika mwaka 1943 juu ya watoto 11 aliowachunguza kule Baltimore, Marekani, aliona namna walivyong'ang'ania mambo yaleyale, na mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 2013 bado unayahesabu mapenzi yetu makali kwa kitu kimoja miongoni mwa dalili. Siwalaumu, kwa maana daktari anahitaji alama za kumtambulia mtu. Ila alama ya kukutambulia haitoshi kukueleza wewe mwenyewe ulivyo ndani.

Maelezo yaliyonifungua macho ni ya watafiti Dinah Murray, Mike Lesser na Wenn Lawson, ambaye mwenyewe ana usonji. Katika makala yao ya mwaka 2005 walisema kwamba umakini wa binadamu yeyote una kiasi chake, na kwamba tofauti kubwa kati ya watu wenye usonji na wengine iko katika jinsi kiasi hicho kinavyogawanywa. Hali hiyo wanaiita monotropia. Mtu aliyelima vinyungu, zile bustani za bondeni, ataielewa upesi. Kiangazi maji ya bondeni ni machache, na mkulima mmoja huyagawa katika mifereji kumi ili kila tuta lipate unyevu kidogo, ilhali mkulima mwingine hufungulia mfereji mmoja, maji yote yakapita hapo kwa nguvu na kuzama hadi chini kabisa kwenye mizizi. Maji ni yaleyale. Sisi ni mfereji mmoja, na mkilishika hilo mtaacha kujiita wavivu kwa sababu ya matuta yaliyobaki makavu.

Mtaelewa pia kwa nini kukatizwa kunatuumiza. Jioni moja mwaka 2004 nilikuwa nimetandaza mbegu kwenye ungo nikizitenga kwa madoa, mume wangu akaniita kwamba kuna mgeni. Sauti yake niliisikia, lakini maana yake haikunifikia, na aliponishika bega nilipiga ukelele, ungo ukapinduka, mbegu zikatawanyika sakafuni mbele ya shemeji yangu. Aliondoka akiamini nimemdharau, na kwa miaka mitatu hakukanyaga kwetu. Sikumdharau hata kidogo. Maji yaliyokuwa yakienda kwa kasi yalizibwa ghafla, na maji yakizibwa ghafla hubomoa kingo. Baadaye mume wangu, bila kufundishwa na mtu, alibuni njia yake: alikuwa akiweka kikombe cha chai pembeni ya ungo, kimya, kisha anakaa. Harufu ya tangawizi ilinifikia kabla ya neno lolote, nami nilijikuta nikiinua kichwa mwenyewe. Waombeni watu wa nyumbani kwenu kitu cha namna hiyo. Waambieni waziwazi kinachoweza kuwafikia mkiwa ndani ya mkondo, maana hawawezi kukijua kwa kubahatisha, na ninyi nanyi mkubali kwamba kuna kuitwa ambako ni lazima muitikie, kama mtoto anapolia.

Sasa nifike kwenye daftari lenyewe. Nilipoambiwa kuhusu usonji nilirudi nyumbani nikalisoma tangu mwanzo, na kwa mara ya kwanza niliacha kutazama maharage, nikatazama tarehe. Mwaka 1995 niliandika kurasa 60. Mwaka 1996, nilipopandishwa kuwa mwalimu mkuu msaidizi, nikashughulikia wazazi, michango, zamu na vikao kwa siku moja, niliandika kurasa 4. Mwaka 1997 hakuna hata moja. Huo ndio mwaka ambao nilikuwa nikirudi nyumbani nisiweze kusema, mwanga wa taa ukinichoma macho, nikatibiwa malaria mara tatu bila nafuu, na ndugu wakaanza kunong'ona kwamba nimerogwa. Niliomba kurudi darasani. Ukurasa unaofuata ni wa Agosti 1998, haragwe jekundu la kawaida kabisa, limeandikwa kwa mistari mitano, na nilipoisoma mistari ile nililia. Daftari lilikuwa limejua kwamba naumwa mwaka mzima kabla yangu.

Lilinionyesha na upande wa pili. Mama yangu alipofariki mwaka 1989 niliandika kurasa 31 kwa wiki moja, karibu zote za kuhesabu tu, wala sikula sawasawa. Hapo mapenzi yangu yalikuwa pango la kujificha, na sioni aibu kwa hilo, ila sasa najua kwamba kurasa zikijaa namna ile kuna uchungu ambao sijautaja. Mwili wangu hauniambii mapema kwamba nina njaa, uchovu au huzuni, na wengi wenu mmeniambia mko hivyohivyo. Kwa hiyo tazameni kile mnachokipenda. Kikiwachosha ghafla, au kikiwameza kuliko kawaida, msikimbilie kukilaumu. Ulizeni kwanza maisha yamewafanya nini mwezi huo.

Yupo Mmarekani mmoja, Temple Grandin, mwenye usonji, aliyezaliwa mwaka 1947 na kuja kuwa profesa wa elimu ya mifugo. Akiwa msichana kwenye shamba la shangazi yake Arizona aliwatazama sana ng'ombe wakibanwa katika kile kizuizi cha kuchanjia, akaona baadhi yao wanatulia wakishabanwa. Akajitengenezea kifaa cha kuubana mwili wake mwenyewe, nao ukatulia. Ng'ombe ndio waliomfundisha hitaji la mwili wake, kwa kuwa kwao ndiko umakini wake wote ulikokwenda.

Msilazimike kukigeuza kile mnachokipenda kuwa kazi. Maharage hayakunipa mshahara hata siku moja. Ninachowaomba ni kwamba msikiache ili muonekane kama wengine, na kila mnapokishughulikia muandike tarehe, hata kama ni mstari mmoja nyuma ya risiti.

Mwaka jana, baada ya kumzika mume wangu, kurasa zilinyamaza kwa wiki tisa. Safari hii sikusubiri kuanguka. Nilimpigia simu binti yangu aliyeko Mafinga nikamwambia tu kwamba daftari limenyamaza. Alielewa, akapanda basi la alfajiri, na jioni akaweka kikombe cha chai ya tangawizi pembeni ya ungo, akakaa.

Bibi yenu,
Uyole, Mbeya