Punguza miji, mdogo wangu: barua ya wazi kuhusu safari yenu ya Hispania

Mdogo wangu mpendwa,

Nimeisoma ratiba uliyonitumia, nikairudia usiku watoto walipokwisha kulala, na nimeamua kukujibu hadharani kwa sababu najua wapo wengine wanaopanga safari kama hii na kukosea pale pale ulipokosea wewe. Unataka kumpa wifi yangu zawadi ya miaka kumi ya ndoa, na hapo nakupongeza kwa dhati. Lakini Madrid, Barcelona, Valencia, Granada na Sevilla kwa siku saba, kaka, hiyo ni ratiba ya mizigo. Mtakumbuka vituo vya treni, na wifi yangu atarudi Tanga akiwa amechoka kuliko alivyoondoka.

Ombi langu ni kwamba uifute miji yote mitano, uchague jimbo moja la mashambani, ukodi gari, na mlale katika hoteli ambazo kufika kwake tu ni nusu ya starehe. Hispania inazo hoteli za serikali ziitwazo Paradores, zinazokaribia mia moja, na nyingi kati yake zimo ndani ya ngome, makasri na nyumba za watawa za kale. Ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1928 katika milima ya Gredos, na Mfalme Alfonso XIII mwenyewe akaizindua. Miaka miwili baadaye ngome ya Oropesa ikawa jengo la kwanza la kihistoria kugeuzwa hoteli ya aina hiyo. Hesabu yake ni nyepesi kuielewa: nyumba inayolaliwa na wageni hupata mtu wa kuziba paa linapovuja. Mimi na shemeji yako tulizunguka Extremadura, jimbo la magharibi linalopakana na Ureno, na ndiko ninakotaka mwende.

Kutoka uwanja wa ndege wa Madrid mtafuata barabara kuu ya A-5 kuelekea magharibi, kisha mtaiacha na kupanda kuelekea Jarandilla de la Vera, mwendo wa kilomita mia mbili hivi kwa jumla. Hoteli ya huko ni ngome ya karne ya 15, yenye minara ya pembeni na ua wa ndani uliozungukwa na matao. Hapo ndipo Kaisari Carlos V alipoishi kwa muda, kuanzia Novemba 1556 hadi Februari 1557, baada ya kuachia mamlaka, akisubiri makazi yake yakamilike katika monasteri ya Yuste iliyo karibu. Nendeni Yuste asubuhi. Mtaona jinsi chumba chake cha kulala kilivyopakana na kanisa, ili mzee yule aliyeteswa na jongo aweze kufuata misa akiwa kitandani. Alifia hapo Septemba 1558. Mtu aliyetawala nusu ya Ulaya na sehemu kubwa ya Amerika alimalizia siku zake katika vyumba vichache vinavyotazama bustani, na nakiri kwamba mimi na shemeji yako tulitoka pale kimya, tukakaa juu ya ukuta wa mawe, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi tukazungumza juu ya uzee wetu bila kutaniana.

Kwa kuwa ndoa yenu ilifungwa Oktoba, mtakuwa na bahati ambayo sisi hatukuipanga. Huo ni msimu ambao wakulima wa La Vera, yaani eneo hilo la Jarandilla, hukausha pilipili nyekundu kwa moshi. Huzitandaza juu ya dari la miti ndani ya vibanda, chini huwasha kuni za mwaloni, na kwa takriban wiki mbili huzigeuza kwa mkono kila siku kabla ya kuzipeleka kusagwa. Teremsheni vioo vya gari. Harufu ile hukaa hata kwenye ushungi, na mpaka leo kopo dogo nililonunua pale nikilifungua jikoni, shemeji yako huuliza tunarudi lini. Julai na Agosti msithubutu, kwa maana joto hupita nyuzi 40 na mtashinda mmejifungia.

Kutoka hapo pitieni hifadhi ya Monfragüe, msimame mkabala na jabali la Salto del Gitano kuwatazama tai mzoga wakizunguka, kisha mteremke hadi Trujillo. Hoteli ya huko ilikuwa nyumba ya watawa wa Santa Clara, ya karne ya 16, na vyumba vimezunguka ua wenye kivuli. Trujillo ni mji alikozaliwa Francisco Pizarro, aliyeiteka Peru, na sanamu yake ya shaba akiwa juu ya farasi imesimama uwanjani. Usipite hapo ukipiga picha tu. Pembeni mwa uwanja huo lipo kasri la ndugu yake Hernando, na kwenye kona yake zimechongwa sura za Pizarro, za Inés Huaylas, binti wa kifalme wa Inka aliyezaa naye, na za binti yao Francisca, ambaye baadaye aliolewa na Hernando huyo huyo, baba yake mdogo. Uzuri wa mji ule umelipiwa na watu wa mbali ambao hawakuulizwa. Mweleze wifi yangu yote, kwa sababu najua angekasirika kama ungemficha.

Usiku mmoja Guadalupe unatosha: hoteli imo katika hospitali ya kale mkabala na monasteri kubwa, na barabara ya kufika huko ina kona nyingi, kwa hiyo safirini mchana. Siku inayofuata mtapitia El Puente del Arzobispo, mji wa wafinyanzi, na mtalala Oropesa ili kesho yake muwe karibu na Madrid.

Sasa mambo ya maandalizi. Viza ya Schengen, ile ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya pamoja na Hispania, huombwa mapema hadi miezi sita kabla ya safari, na bima ya matibabu isipungue euro 30,000. Chukua leseni ya kimataifa ya udereva. Magari mengi ya kukodi kule ni ya gia za mkono, kwa hiyo ukitaka otomatiki liombe mapema na ukubali kulipa zaidi. Wanaendesha kulia, na kipilefti chao huzungukwa kinyume cha chetu. Siku ya kwanza shemeji yako alikizunguka kimoja mara tatu akisoma vibao huku nyuma wakimpigia honi. Katika mji mmoja nilimshauri aingie kichochoro nilichodhani kinapitika, na kioo cha pembeni kikabaki ukutani. Egesheni nje, mtembee.

Jikoni kwao hufungwa mapema alasiri na hakufunguliwi tena hadi saa mbili na nusu usiku au saa tatu. Sisi tulifika mahali saa kumi na nusu, tukala zeituni na mkate kituo cha mafuta. Na kwa kuwa hatuli nguruwe, uliza kila chakula, hata mkate wa kukaanga waitao migas. Lakini mbuzi, samaki trauti na jibini ya kondoo vipo tele. Utafurahi pia kusikia sukari ni azúcar na zeituni ni aceituna, kwani Waarabu walitupitia sote.

La mwisho, na hili nimelipata kwa aibu yangu. Hoteli hizi mara nyingi huwapa wageni vitanda viwili vyembamba. Unapoweka nafasi, andika kwa herufi kubwa: cama de matrimonio. Maana yake, neno kwa neno, ni kitanda cha ndoa, na Jarandilla sisi tulilala kila mtu na chake.

Dada yako