Kabla hujapakia korosho, angalia bolti za tobaa

Swahiba,

Salamu toka Mtwara, joto limeshapamba moto na kila ukikaa kijiweni stori ni korosho tu. Nimesikia ushapata tela unataka kushusha mzigo toka Newala mpaka Masasi, hongera sana ndugu yangu, ila nakuomba kabla hujapakia hata gunia moja ingia uvunguni uangalie bolti za tobaa, kile chuma cha nyuma kinachoshika tela.

Mimi yalinikuta. Msimu uliopita natoka Mtama naelekea Mnazi Mmoja na gunia 15, kila gunia kilo 80 piga hesabu mwenyewe, nikawa nasikia ko ko ko huko nyuma kila nikikanyaga breki. Kushuka kuangalia, bolti moja imekatika kichwa hakipo, ya pili naizungusha kwa vidole. Na fundi alizikaza mbele ya macho yangu kwa bomba alilochomeka kwenye spana, anajining'iniza kabisa, na mimi nikaridhika nikijua hapo kazi imefanyika, kumbe ndo alikuwa anaziua pale pale.

Maana bolti ukiikaza inavutika kidogo kama springi, na huko kuvutika ndo kunakobana vile vyuma viwili visichezecheze. Ukizidisha inarefuka jumla, hairudi tena, inabaki imekaa tu haibani vizuri mpaka siku inakatika.

Bolti ya milimita 16, ile ya spana 24, kama kichwani imeandikwa 8.8, yaani namba ya ugumu wa chuma chake, inataka kama nyutoni mita 200, hicho ndo kipimo cha nguvu ya kukazia. Kwa spana ya sentimita 30 hapo unavuta kwa uzito wa karibu kilo 70, mtu mzima huyo. Sasa chomeka bomba mkono ufike mita 1, kilo 20 tu zinatosha, na fundi anaegemea na kilo zake 60, si ameshapiga mara 3? Ile ndogo ya milimita 12, ya spana 19, yenyewe inataka kama 80 tu ndo maana zinakatwa sana. Ila kama tobaa yako ilikuja na kitabu fuata namba ya kitabu, achana na hizi zangu.

Bomba hapana kabisa, kaza kwa toki renchi, ile spana inayopima nguvu unayokazia. Unaseti namba, unavuta taratibu, ikilia tak unaacha hapo hapo usiongeze hata kidogo. Safisha kutu kwanza, na usipake oili kwenye nyuzi kama kitabu hakijasema, ikiteleza namba ile ile inaivuta bolti zaidi. Nati zenye plastiki ndani ukizifungua nunua mpya. Halafu ukimaliza safari ya kwanza rudi upime tena, rangi iliyo katikati ya vyuma inakandamizika na mzigo na bolti zinalegea bila mtu kuzigusa.

Ule mteremko wa kutoka Newala unaujua, na bodaboda zinavyojaa pale chini, tela likichomoka hapo sitaki hata kufikiria.

Toki renchi yangu naituma kesho kwa basi la asubuhi, kaipokee stendi. Ukimaliza irudishe namba chini kabisa ndo uifungie boksini, ikikaa imekazwa springi yake inaharibika. Na kabla hujapakia nipigie picha vichwa vya bolti zote nizione namba zake.

Shemeji yako anakusalimia sana.