Majina ya watu wa mtaa

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe na wote nyumbani. Huku sisi hatujambo. Barua yako nimeisoma na kuirudia. Nimefurahi mno kusikia mtaa wenu umekubaliana kuweka kumbukumbu za wakazi waliotangulia mbele ya haki pale bustanini. Umeniuliza ziandikwe vipi. Mwenzangu, umenigusa penyewe.

Kubwa ninalokuomba ulipiganie kwenye kamati ni kwamba kila kibao kiseme mtu alifanya nini. Jina na miaka ya kuzaliwa na kufa vinawatosha waliomjua tu. Hao wakishaondoka, wapitaji watabaki kuona herufi. Lakini ukiandika kwamba huyu mama alikuwa akiwafundisha watoto wa mtaa kusoma kila jioni, chini ya mti huu huu, hata mgeni atasimama, na mtoto atauliza.

Iko bustani ndogo London, si mbali na Kanisa Kuu la St Paul's, inaitwa Postman's Park kwa sababu wafanyakazi wa posta kuu iliyokuwa jirani walikuwa wakipumzika hapo. Mwaka 1887, Malkia Victoria alipotimiza miaka 50 ya utawala, mchoraji George Frederic Watts alipendekeza wajengewe kumbukumbu watu wa kawaida waliokufa wakiwaokoa wenzao. Hakuungwa mkono. Hakukata tamaa, na mwaka 1900 likafunguliwa baraza refu la mbao lenye ukuta wa vibao vya vigae. Mmojawapo wa walioandikwa ni Alice Ayres, binti wa kibarua. Nyumba ilipowaka moto usiku mwaka 1885, alitupa godoro dirishani, akawadondosha juu yake watoto watatu wa dada yake, mmoja baada ya mwingine, akirudi ndani kila mara katikati ya moshi. Zamu yake ilipofika nguvu zilikuwa zimemwishia. Akaanguka vibaya, akafa. Kiini cha tendo hilo kibao kimekibeba kwa maneno machache tu. Nani angemjua leo kama wangeandika jina peke yake?

Watts alifariki mwaka 1904, mkewe Mary akaendeleza kazi. Na mwaka 2009 kikaongezwa kibao cha mtu aliyekufa akimwokoa mtoto aliyekuwa anazama mferejini. Kwa hiyo acheni nafasi ukutani. Msijaze kila kitu mwaka huu ili kupendeza siku ya uzinduzi.

Kuhusu fedha, najua watakuwapo watakaosema nafasi ziuzwe. Central Park ya New York watu hulipia benchi na kuwekewa kibao, na fedha hizo husaidia kuitunza bustani. Kwa bustani kubwa kama ile sawa. Kwenu mimi nakataa kabisa. Mtaa wote uchange kila mtu kwa uwezo wake, kisha majina yachaguliwe kwa mchango wa mtu katika maisha ya wenzake. La sivyo aliyefagia ile njia miaka yote bila kulipwa hatapata hata mstari mmoja, na kukosekana kwake kutaniuma kuliko kukosa bustani yenyewe.

Vibao vya shaba viepukeni, wauza vyuma chakavu watavibandua. Jiwe au vigae vilivyochomwa vizuri ni salama zaidi, na skurubu ziwe za chuma kisichoshika kutu. Kwenye mti msipigilie kitu: unapokua gome hukizunguka kibao na kukimeza, na mti wenyewe unabaki na kidonda. Wekeni jiwe pembeni. Kama mtapanda miti ya kumbukumbu, kubalianeni mapema nani atamwagilia kiangazi, na mti ukifa nani atapanda mwingine. Familia ikikuta kisiki kikavu chenye jina la marehemu wao, inaumia upya.

Halafu nendeni kwa kila familia kabla ya kuchonga. Wengine hawatapenda jina la mtu wao liwekwe hadharani, waheshimuni. Wanaokubali, wasomeeni maneno nao wahakiki herufi moja moja, maana jina likikosewa kwenye jiwe halifutiki.

Nitumie rasimu ya kibao cha yule mama mwalimu. Nina mawili matatu ya kuongeza kumhusu, na ningependa yafike kabla fundi hajaanza kazi.

Wasalimie wote.

Ni mimi rafikiyo wa siku zote.